"Mawe Mmeshayaona, Mbona Mnataka Damu Tena?"

Swali hili hatulikosi dirishani kwetu, tunakopima damu na altrasaundi, na aghalabu anayeuliza ni ndugu aliyekuja kulipa. Mgonjwa ana kongosho iliyovimba kwa sababu ya jiwe la nyongo. Jana alipigwa altrasaundi, mawe yakaonekana, damu ikatolewa. Leo daktari kaandika tena bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo), ALT (kimeng'enya cha ini), CRP (protini inayopanda mwili ukiwaka) na picha nzima ya damu. Ndugu anaona anazungushwa, wengine wanatamka kabisa neno "wizi". Neno hilo linatuuma, kwa hiyo tueleze kazi yenyewe ilivyo.

Kujua kwamba kongosho imewaka si shida. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na lipesi, kimeng'enya cha kongosho, iliyopanda mara tatu au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, yanatosha. ALT ikivuka yuniti 150 kwa lita ndani ya siku mbili za mwanzo, anayeshukiwa kwanza ni jiwe. Kazi inakuja kwenye swali la pili: je, bakteria wameshaingia kwenye mirija ya nyongo, au kwenye mfuko wa nyongo wenyewe?

Hapo ndipo kongosho inapodanganya. Ikiwaka huleta homa hata kama hakuna bakteria, na hupandisha seli nyeupe na CRP. Kichwa chake kikivimba huubana mrija wa nyongo unaopita hapo hapo, macho yakawa ya manjano. Majimaji yake husambaa hadi kwenye mfuko wa nyongo, ukuta ukanenepa. Vigezo vya Tokyo vya mwaka 2018, wanavyotumia madaktari wengi kutambua maambukizi ya mirija ya nyongo, vinaangalia homa, seli nyeupe au CRP, bilirubini kuanzia mikromoli 34 kwa lita, na mrija uliotanuka. Mgonjwa wa kongosho anaweza kuvitimiza vyote na nyongo yake isiwe na bakteria hata mmoja.

Kinachomsaidia daktari ni mwendo wa namba. Mawe mengi madogo hupita yenyewe kwenda utumboni, na jiwe likishapita, bilirubini na ALT huanza kushuka ndani ya siku moja au mbili. Zikizidi kupanda huku homa inakuja na mtetemeko, basi mrija bado umeziba na nyongo iliyotuama inaoza. Huyo anahitaji kuzibuliwa kwa mpira wa kamera unaopitishwa mdomoni, na akiwa na maambukizi ya mirija pamoja na kongosho, lengo ni ndani ya saa 24. Asiye na maambukizi wala mrija ulioziba hahitaji kupitishwa huko haraka, na kazi yenyewe inaweza kuichokoza kongosho upya. Kipimo cha leo ndicho kinachosaidia kuamua azibuliwe haraka au asubiri. Kwa mwenye seli mundu tunapima bilirubini ya jumla na ile ya moja kwa moja (iliyokwisha kushughulikiwa na ini), kwa sababu ya jumla kwake huwa juu hata siku akiwa mzima, na mawe ya nyongo kwake ni jambo la kawaida.

Kichupa cha bilirubini mtakiona kimefungwa karatasi ya foili. Mwanga huiharibu bilirubini, namba ikatoka ndogo kuliko ilivyo. Seli za damu zikipasuka kichupani tunatoa nyingine, na hiyo hatuitozi.

Tukija kwenye altrasaundi, mrija mkuu wa nyongo wenye upana hadi milimita 6 ni kawaida. Mzee huzidi kidogo, na aliyeshatolewa mfuko wa nyongo anaweza kufika 10. Mgonjwa analala chali, halafu ubavu wa kushoto, tuone kama jiwe linabingirika au limenasa shingoni mwa mfuko. Kisha kifaa kinabonyezwa juu ya mfuko huku anavuta pumzi ndefu. Pumzi ikikatika ghafla kwa maumivu, tunaandika. Ukuta wa milimita 4 au zaidi unatia shaka, ila anayekuja ametoka kunywa chai ya maziwa na chapati mbili mfuko wake umeshajikamua, na mfuko uliojikamua ukuta wake huonekana mnene. Ndiyo maana tunasema funga saa 6 hadi 8, maji unaweza kunywa. Wa dharura hasubirishwi. Na tukiandika "mrija wa chini haukuonekana vizuri", msione tumelipua kazi: gesi ya utumbo hufunika sehemu hiyo, na ndiko jiwe linakokwama. Hapo MRI ya mirija ya nyongo ndiyo inayofuata.

Sasa njia ya mkato inayoumiza watu. Tumbo linauma usiku, asubuhi mgonjwa anapita duka la dawa la mtaani, anachomwa diklofenaki (dawa ya maumivu) na seftriaksoni (dawa ya kuua bakteria), anaambiwa ni taifodi au vidonda vya tumbo. Siku tatu baadaye analetwa kwetu. Diklofenaki imeshusha homa na kuficha maumivu, kwa hiyo pumzi haikatiki tunapobonyeza. Amilesi, kimeng'enya kingine cha kongosho, imeanza kurudi chini. Bahati lipesi hukaa juu siku nyingi zaidi. Kuotesha damu ili kutafuta bakteria, kipimo kinachowashtua kwa bei, kunahitaji mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kutoka mikono miwili, na chupa zinaangaliwa hadi siku 5. Bakteria waliokwisha kupigwa sindano mara nyingi hawaoti, na majibu yanatoka "hakuna kilichoota" wakati mgonjwa anatetemeka. Seftriaksoni yenyewe inaweza kuganda pamoja na kalsiamu ndani ya mfuko wa nyongo, ikaonekana kwenye altrasaundi kama mawe. Kwa kawaida huyeyuka dawa ikisimamishwa, ila tusipoambiwa kuhusu sindano, mtu anaweza kuandikiwa upasuaji kwa mawe asiyokuwa nayo. Mwisho wa yote vipimo vinarudiwa, na gharama inakuwa kubwa kuliko ambayo angelipa siku ya kwanza.

Kwa hiyo mkija, leteni maboksi ya dawa na muda wa kila sindano. Msituambie "kidonge tu".

Mwenye macho ya manjano na homa ya mtetemeko, akianza kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu, msimlete kwetu kwanza. Mpelekeni moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, damu itatolewa huko huko.