Barua kwa mwanangu anayekwenda Katavi kwa gari

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani sote wazima. Mama yako anakusalimu, na bibi yako kila siku anauliza utafika lini. Habari ya safari yenu ya kwenda hifadhi ya Katavi imenifikia, na maneno ya baba zako wadogo nimeyasikia pia: wasichana peke yao, gari la mtumba, mahema, usiku porini. Nimewaacha waseme mpaka wakamaliza. Mimi nimeendesha malori barabara hiyo hadi Tunduma miaka mingi, na ninachokuambia ni hiki: nenda. Ila kabla hujaondoka nataka umjue mama mmoja aliyesafiri hivyo zamani, wakati gari lenyewe lilikuwa bado kitu cha kushangaliwa.

Aliitwa Alice Ramsey, mkazi wa Hackensack, New Jersey, huko Marekani. Tarehe 9 Juni 1909, akiwa na miaka 22 na mtoto mdogo amemwacha nyumbani, aliondoka New York kwenye mvua akiwa kwenye usukani wa gari aina ya Maxwell, akielekea San Francisco. Walikuwa wanawake wanne: yeye, mawifi zake Nettie Powell na Margaret Atwood, na rafiki yao Hermine Jahns. Gari hilo liliwashwa kwa kuzungusha handeli kwa mbele. Taa zake zilikuwa za gesi, unaziwasha kwa kiberiti. Na ukitaka kujua mafuta yamebaki kiasi gani, waliokaa mbele wanashuka, kiti kinainuliwa, ndipo unachovya kijiti chenye alama kwenye tangi.

Kutoka New York hadi San Francisco ni karibu kilomita 6,000 kwa njia waliyopita. Zilizokuwa na barabara ya kueleweka hazikufika 250. Zilizobaki ni njia za mikokoteni ya farasi, vumbi au tope. Vitabu vya kuongoza madereva viliwafaa upande wa mashariki tu, ukivuka mto Mississippi huna kitu. Tena hata huko mashariki viliongoza kwa alama za kuonekana: ukifika nyumba ya njano, kata kushoto. Mwenye nyumba mmoja aliyeyachukia magari akaipaka yake rangi ya kijani makusudi, wakapotea. Kule magharibi walifuata nguzo za simu. Njia zikigawanyika, walishika ile yenye nyaya nyingi, kwa kuwa ndiyo inayoelekea mjini. Hebu fikiri, mama, wewe una simu inayokusemesha kila kona.

Sasa sikiliza mambo ya Iowa, maana hapo ndipo mimi humwona Alice kuwa dereva kweli. Mvua iliwashika, na jimbo hilo moja likawala karibu wiki mbili. Magurudumu yanazama, injini inachemka, rejeta inakauka. Hawakuwa na ndoo. Mawifi zake wakatoa vichupa vya kuwekea miswaki kwenye mikoba yao, wakashuka mitaroni kuchota maji kidogo kidogo mpaka rejeta ikajaa. Wakafika kijito kiitwacho Weasel Creek, wakakuta maji yamepanda hayavukiki. Alice hakulazimisha. Walilala ndani ya gari pale ukingoni, wakasubiri maji yapungue. Nimeona madereva wenye nguvu na uzoefu wakishindwa kungoja namna hiyo, na magari yao tumeyavuta kwa minyororo siku ya pili, mengine bila wenyewe. Tafadhali likumbuke hili kila utakapokuta maji yamekatiza barabara.

Njiani alibadilisha tairi mara 11. Plagi alizisafisha mwenyewe, na pedali ya breki ilipovunjika aliitengeneza. Kule Utah gurudumu la mbele liliingia kwenye shimo la mnyama, boliti ikachomoka na magurudumu ya mbele yakatanuka. Alifunga kwa waya, akatembea polepole mpaka kwa mhunzi. Ni kweli kwamba kampuni ya Maxwell ndiyo iliyogharamia safari hiyo ili kutangaza magari yake, na mawakala wake walisaidia kumletea vipuri. Hilo halimpunguzii kitu. Wakala hakuwa pale topeni. Tarehe 7 Agosti waliingia San Francisco, siku 59 tangu kuondoka, na akawa mwanamke wa kwanza kuvuka nchi hiyo akiwa dereva.

Baada ya hapo magari yakawa rahisi. Ford Model T, ambayo mwaka 1908 iliuzwa dola 850, ilikuwa imeshuka chini ya dola 300 kufikia katikati ya miaka ya 1920, na familia za kawaida zikaanza kusafiri na kulala njiani. Walifunga turubai ubavuni mwa gari, wakapika kwa moto wa kuni, wakala vyakula vya kopo. Mwanzoni walilala popote, hata kwenye shamba la mtu. Wakavunja uzio kupata kuni, wakaacha takataka, na wakulima wakachoka nao. Miji ikaona heri kutenga viwanja maalumu vya kupiga kambi, vyenye maji na vyoo, na mwanzoni vingi vilikuwa bure. Ndiyo sababu nasisitiza: msipige hema kwenye kijiji chochote kabla ya kumwona mwenyekiti wa kijiji. Mkipiga hodi, mna ulinzi wa kijiji kizima. Mkijificha kichakani, mko peke yenu.

Hata huku kwetu hadithi za safari hizo zipo, ila husimuliwa nusu. Major Chaplin Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town tarehe 23 Septemba 1924 na magari mawili aina ya Crossley, wakapita hapa kwetu, enzi ya Tanganyika, wakafika Cairo tarehe 24 Januari 1926. Majina yao yameandikwa. Lakini kwenye tope la Rhodesia na kwenye mito ya Sudan, magari hayo yalivutwa na ng'ombe na mikono ya wanavijiji, watu waliokata miti, wakatandaza magogo, wakashika kamba. Majina yao hakuna aliyejali kuyaweka. Mimi mwenyewe nimekwamuliwa na watu wa namna hiyo mara nyingi. Mtu akikusaidia njiani, muulize jina lake, mshukuru kwa jina hilo, na usione haya kumwachia kitu.

Mambo ya barabara yenyewe ni machache. Mlima wa Kitonga, wakati wa kurudi mtateremka: shukeni kwa gia ile ile ambayo ingewapandisha, breki ziguseni tu. Hifadhi ya Mikumi, penye wanyama, msisimame kujisaidia, na usiku msipite kama mnaweza kuepuka. Katavi nendeni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwa sababu udongo mweusi wa kule ukilowa hata lori linakaa. Maji ya kunywa na maji ya rejeta yawe kwenye madumu tofauti, na ndoo msiisahau.

Katika safari ya Alice kuna jambo moja ambalo sikulipenda. Kati ya wale wanne, ni yeye peke yake aliyejua kuendesha. Angeugua, wote wangekwama. Kwa hiyo Jumamosi usije peke yako, njoo na wenzako wote, mvae nguo za kazi. Gari nitalipandisha kwenye jeki, na kila mmoja atafungua tairi na kulirudisha, ataziba pancha, atapima oili, na atashika usukani mpaka Chalinze na kurudi. Baba zako wadogo nimewaalika waje kuangalia.

Ni mimi,
Baba yako