Rangi mpya haiondoi harufu ya mpangaji aliyehama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maneno matatu ambayo hayakosekani katika matangazo ya nyumba za kupanga jijini Dar es Salaam: "imepakwa rangi upya". Wengi wetu huyasoma kama ahadi ya usafi. Nami niliyasoma hivyo mwezi Februari, nilipolipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na kodi ya mwezi mmoja kwa dalali, kwa nyumba ya vyumba viwili huko Tabata. Siku niliyopelekwa kuiona, madirisha yote yalikuwa wazi, feni inazunguka, na katika kona ya sebule palikuwa na chetezo chenye majivu ya udi ambayo hayajapoa. Nilimsifu dalali kwa ukarimu wake, bila kujua kwamba udi ule ulikuwa na kazi nyingine.

Masika yalipoanza na madirisha yakafungwa, nyumba ikaanza kunuka sigara. Mimi sivuti, wala kwangu hakuna avutaye. Ajabu ni kwamba baada ya siku chache sikuisikia tena, kwa kuwa pua huizoea haraka harufu inayoshinda na kulala nayo. Aliyenizindua ni mama yangu, aliyefika kutoka Tanga na, kabla hata ya kuvua mtandio, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umeanza lini kuvuta?" Jioni ile nilisogeza kabati la chumbani, nikachovya kitambaa cheupe katika maji ya uvuguvugu yenye siki na kuupangusa ukuta wa nyuma, ambako fundi hakufikisha brashi. Kitambaa kilitoka na rangi ya chai ya mkandaa.

Fundi rangi niliyemwita baadaye alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alisikie. Lami na nikotini ya sigara hunata ukutani na kupenya kwenye plasta, kwenye jipsamu ya dari, kwenye mbao za makabati na kwenye mapazia, kisha hurudi hewani kidogo kidogo kila joto au unyevu unapopanda. Ukipaka rangi ya maji juu ya ukuta ambao haukuoshwa, yale maji ya rangi huyeyusha uchafu na kuuvuta juu, ndiyo maana madoa ya manjano huchomoza karibu na dari wiki chache baada ya fundi kuondoka na ndoo zake. Na jambo hili si la pua peke yake. Watafiti wa San Diego, California, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walizifuatilia nyumba zilizohamwa na wavutaji zikahamiwa na wasiovuta: zilikuwa zimekaa tupu kwa wastani wa miezi miwili hivi na kuandaliwa kwa ajili ya wakazi wapya, lakini nikotini ilikutwa bado ipo kwenye vumbi, kwenye nyuso za vitu na hata kwenye vidole vya wale waliohamia. Mwenye mtoto anayetambaa hahitaji kuelezwa zaidi.

Kazi yenyewe ilinichukua siku tatu. Tulianza na sabuni ya kawaida ya kufulia, tukiosha kuta kutoka chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha tukapangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, kwa sababu nikotini ni alkali na asidi ya siki huilegeza, na mwisho tukasuuza kwa maji matupu. Sebule peke yake ilitaka ndoo tisa. Dari ndilo lililokuwa chafu kuliko vyote, maana moshi hupanda, na juu ya mapanga ya feni, lile tuliitalo pangaboi, palikuwa na utando wa kunata uliokwanguka kwa kisu kama masizi ya sufuria. Ukuta ulipokauka kabisa, fundi alipaka kwanza andakoti ya mafuta ili kufungia kilichobaki ndani, ndipo rangi ya maji ikafuata.

Jirani yangu alirithi balaa jingine, mkojo wa paka, ambao fuwele zake haziyeyuki kwa maji na huamka kila hewa inapokuwa na unyevu. Yeye alitaka kuumaliza kwa dawa ya klorini. Namshukuru Mungu tulimwahi, kwa kuwa klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi yenye sumu, na ikikutana na siki hutoa nyingine mbaya vilevile. Niseme pia, kwa haki, kwamba wapangaji waliohama husingiziwa mengi. Nyumba ikikaa tupu kwa wiki kadhaa, yale maji yanayotuama kwenye bomba lililopinda chini ya sinki na kwenye tundu la bafuni hukauka, na harufu ya karo hupanda moja kwa moja ndani; dawa yake ni kumimina jagi la maji katika kila tundu.

Sina ugomvi na udi, Ndugu Mhariri. Mimi ni mtu wa Tanga. Lakini kwetu hakuna afukizaye nguo chafu: nguo hufuliwa, hukaushwa, ndipo hutandazwa juu ya chetezo. Sioni kwa nini nyumba ifukizwe kabla ya kuoshwa, tena mbele ya mtu anayekwenda kutoa akiba yake ya nusu mwaka.

Mwenye nyumba wangu, ambaye kwa mengine yote ni muungwana, alinijibu kwamba harufu si ufa wala bomba lililopasuka, kwa hiyo haimhusu. Nilimwonyesha hesabu: sabuni, siki na vitambaa havikufika hata robo ya fedha aliyoitumia kwa rangi ambayo ilibidi irudiwe. Ninachowaomba wenye nyumba ni kuosha kwanza na kupaka baadaye, na iwapo mpangaji anavuta ndani, gharama ya kuosha ikatwe kwenye fedha yake ya dhamana, si kwenye mfuko wa anayemfuata. Madalali nawaomba waturuhusu tuingie kabla madirisha hayajafunguliwa. Mpangaji naye asitosheke na sebule. Afungue makabati na kuingiza kichwa ndani, kwa kuwa mbao hazijui kuficha.

Mwezi Agosti mkataba wangu ulipofika wakati wa kuhuishwa, niliomba uongezwe mstari mmoja, kwamba siku nitakapohama nyumba itaoshwa kuta na dari kabla ya kupakwa rangi na kukabidhiwa kwa mwingine, mimi nikichangia nusu. Mwenye nyumba aliusoma mara mbili, akaniuliza kama dari nalo ni lazima, akatia saini.

Mpangaji,
Tabata, Dar es Salaam.