Risala ya Wazee Wageni wa Kaptembwo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, mzee wa mtaa, mabibi na mabwana,

Karibu sana Kaptembwo. Tunajua shughuli zako ni nyingi hapa jijini Nakuru, na kukubali kuketi nasi ni heshima kubwa.

Kikundi chetu ni cha wazee waliotoka Burundi mwaka 1972, Uganda enzi za Amin, Rwanda mwaka 1994, na Kongo baadaye. Kwa neema ya Mungu tumepiga hatua kubwa: tuna viti vya plastiki vyetu wenyewe, sufuria kubwa ya chai, na mfuko wa msiba usiowahi kukauka.

Mheshimiwa, kinachotumaliza ni upweke. Wenzetu tuliozungumza nao Kirundi wanaondoka mmoja mmoja. Wajukuu wanasema Sheng. Tunapendana nao, lakini mazungumzo hayafiki mbali. Desemba ikifika, majirani hufunga milango wakapanda matatu kwenda ushago. Sisi hatuna ushago. Ploti nzima hubaki mzee mmoja na redio yake. Kuna mama kati yetu aliyelala mgonjwa siku kadhaa, akaja kugunduliwa na mwenye ploti aliyefuata kodi. Alipona, lakini hofu ile ingali nasi.

Ndiyo maana tunaomba chumba kimoja cha kukutania. Sasa tunakaa chini ya mti kando ya uwanja, na masika yakianza hatuonani wiki nyingi. Hatuombi jumba. Tunaomba mabati, sakafu isiyoteleza, choo cha kukalia kwa sababu magoti hayachuchumai tena, na ufunguo ukae kwetu. Kifungu cha 57 cha Katiba kinaitaka serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Tutashiriki vipi tukiwa kila mmoja chumbani kwake?

Ombi hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walituahidi chumba hiki hiki, tukawapigia makofi. Mmoja alipigwa picha akichimba msingi; jembe likaondoka na gari lililolileta. Baadhi ya waliopiga makofi siku ile tumeshawazika. Kumbukumbu za mikutano hiyo tumeziambatisha na risala hii.

Hatusemi haya kukuaibisha. Tunakuheshimu, ndiyo maana tunakueleza wazi. Kwa unyenyekevu tunaomba, kabla hatujaketi kula, ututajie tarehe ambayo fundi ataanza kazi, na jina la afisa tutakayemfuata. Katibu yuko tayari kuandika.

Ni sisi wazee wako.