Barua kwa mwanangu: rimu za spoku za MGB yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha za gari lako, MGB ya 1967, nimezipata, na nimeona kutu ilivyozila zile rimu za spoku 60. Usinunue rimu mpya kwanza. Vua gurudumu, pangusa grisi yote kwenye habu, kile kipande chenye meno ambacho rimu huvikwa, uyatazame meno yake. Jino zima lina kilele bapa. Lililolika limechongoka kama jino la papa. Habu ya namna hiyo haitengenezeki, ni kubadilisha tu. Ukiivisha rimu mpya, meno ya rimu nayo yatatafunwa, nawe utalipa mara mbili.

Kama macho hayakutoshi, inua gari kwa jeki, mtu akanyage breki kwa nguvu, nawe ushike tairi ulitikise mbele na nyuma. Likicheza na kugonga "tak" huku habu imetulia, meno yamekwisha.

Rimu yenyewe, igonge spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Mbili tatu zikilegea, zikaze robo mzunguko kila mara, lakini tia mafuta ya kulainisha kutu kwenye vinati vyake, zile nati ndogo za kwenye ncha za spoku, usiku mmoja kabla; ukilazimisha kinati kilichoshikana, spoku inakatika. Zikilegea nyingi, au zikivunjika kadhaa zilizopakana, pangua yote na uweke spoku mpya. Kabla ya kupangua, laza rula ndefu juu ya ukingo wa rimu, pima hadi uso wa ndani wa kitovu cha rimu, uandike. Bila kipimo hicho utaijenga upya rimu iliyonyooka kabisa, lakini imesogea upande na tairi linakwaruza bodi.

Wakati wa kunyoosha, funga kijiti cha chuma karibu na ukingo, uzungushe rimu. Mimi sikubali iyumbe zaidi ya milimita 1.5, iwe kwa upande au kwa juu na chini. Ukikaza spoku ya upande mmoja, legeza inayovuta upande wa pili. Kisha pitisha kidole upande wa ndani: kila ncha iliyochomoza juu ya kinati ikate kwa tupa hadi iwe sawa, la sivyo itatoboa tyubu. Funika kwa utepe wa mpira, ndipo uvishe tyubu na tairi. Tyubu ni lazima, maana hewa hupenya kwenye vinati.

Ukipaka rimu rangi, isiguse meno wala ile miinamo miwili ambayo rimu inakalia. Rangi hiyo husagika baadaye, na nati kubwa ya katikati inayoshika gurudumu inalegea yenyewe. Mwambie na fundi wa balansi aikamate rimu kwenye miinamo hiyo hiyo; mashine ikiishika kwenye ncha za meno, vipimo vyote ni vya uongo.

Sasa shika hili sana. Habu za kushoto mwa gari zina uzi wa nati wa kawaida, za kulia uzi wa kinyume. Hizo nati kubwa zenye masikio zinafunguka kwa kuzungusha sehemu ya juu kuelekea mbele ya gari, na zinakazwa kuelekea nyuma, pande zote mbili. Zimepangwa hivyo ili gari likitembea, nati ivutwe kukaza. Fundi akibadilisha beringi za mbele akazirudisha habu kwa kubadilisha pande, ya kushoto kulia, nati zitafunguka barabarani na gurudumu litachomoka. Hakikisha mwenyewe, usimwachie mtu.

Paka grisi nyepesi kwenye meno, miinamo na uzi. Gurudumu likiwa hewani, kaza kwa nyundo ya shaba mpaka nati isisogee tena na sauti ya pigo igeuke kuwa kali. Tembea kilomita 30, inua tena, uzigonge nati zote nne.

Nitumie picha ya meno ya habu ya nyuma kulia, ya karibu, yakiwa makavu bila grisi, kabla hujaagiza chochote.

Baba yako