Risala ya wahitimu wa kidato cha nne kwa mgeni rasmi, mahafali ya 2025

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, wajumbe wa bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kufika. Barabara ya kuja hapa umeionja mwenyewe, hivyo hatutaieleza.

Mheshimiwa, shida za shule tutazifikia. Kwanza tuseme jambo tulilojifunza hapa ambalo halimo kwenye muhtasari wa somo lolote: kusema "sijaelewa".

Tulipoingia kidato cha kwanza mwaka 2022, wengi wetu tulitoka shule za msingi tulikosoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Ghafla kila kitu kikawa Kiingereza. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, darasa zima liliitikia "yes" kama kwaya, huku hatujaambulia kitu. Hatukuwa wavivu, tuliogopa kuchekwa. Na waliokuwa wakicheka, tuseme ukweli, ni sisi wenyewe.

Aliyetuvusha ni mwalimu wetu wa fizikia. Tukiwa kidato cha pili, mwenzetu wa dawati la nyuma alinyoosha mkono, akasema kwa Kiswahili, sauti ikimtetemeka, kwamba jibu la ubaoni halilingani na lake. Mwalimu akarudia hesabu hatua kwa hatua, akakuta amesahau kugeuza sentimita kuwa mita. Akafuta. "Umenikamata," akasema, akampa chaki amalizie yeye. Kuanzia hapo maswali hayakukatika, mengine ya ovyo kabisa, na mwalimu hakuona haya kusema, "Hilo nipeni hadi kesho nikalitazame." Kesho yake alikuja nalo.

Hata diskasheni zetu za jioni zilibadilika. Aliyejiona anajua alianza kubanwa "kwa nini?", na hapo ndipo wengine tulipogundua kuwa tulikariri tu.

Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1955, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, kwamba shule imjengee mtoto akili ya kudadisi. Sisi tuliiona ikijengwa kwa kipande cha chaki.

Tunasema kwa heshima: si kila kipindi kilikuwa hivyo. Tuliwahi kujibiwa, "Hilo ni swali la darasa la nne," na darasa likanyamaza hadi muhula ukaisha. Nasi tulidesa kazi za nyumbani, kisha tukamlaumu mwalimu kwa alama zetu.

Mheshimiwa, maombi yetu ni mawili. Mwalimu wa hisabati ni mmoja kwa madarasa yote, na maswali yanampangia foleni. Tunaomba aongezewe mwenzake. Pili, kamusi za Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya kidato cha kwanza, ili wadogo zetu wasiitikie "yes" mwaka mzima kama sisi.

Novemba tunaingia kwenye mtihani wa taifa. Tuombeeni.

Naomba kuwasilisha.