Waya wa Lokichar utalipwa na nani?

Umoja, Nairobi

Mwalimu Ekal,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na matope. Sisi wazima, isipokuwa watoto wamefunga shule na nyumba imegeuka uwanja wa mpira. Natumaini mama amepata nafuu na mbuzi wa Lokwang wameacha kutafuna vitabu vya wanafunzi.

Najua nimekaa kimya muda mrefu, usianze. Kilichonifanya nishike kalamu ni ujumbe wako wa sauti. Ulimtumia Wafula, na Wafula unamjua, kufikia jioni tulikuwa tumeusikia wote hadi mama watoto. Unasema walimu wamekuchagua uwasemee kwenye kikao cha maoni ya wananchi, na kwamba utaunga mkono bomba la mafuta la kutoka kwenu Lokichar, Turkana, kwenda bandari ya Lamu kwa sababu "bomba likipita, stima itapita nalo". Nilikuwa juu ya ngazi nikifunga waya kwa mteja. Nilishuka.

Sikukatazi kuunga mkono. Kupinga kila kitu ni kazi ya Odhiambo, tusimnyang'anye riziki. Lakini mimi ni fundi wa stima, na kuhusu stima nina haki ya kukusumbua. Bomba halileti stima, Ekal. Bomba linakula stima.

Mafuta yenu yana nta nyingi. Tangu yalipopatikana kwenye kisima cha Ngamia mwaka 2012 hilo linajulikana: yakipoa yanaganda kama samli ya Limuru mwezi wa saba. Ndiyo maana yale malori ya 2018 yaliyoyateremsha hadi Mombasa yalikuwa na matangi maalumu ya kutunza joto. Sasa toa lori, weka bomba la zaidi ya kilomita 800, kutoka kwenu, Samburu, Isiolo, Garissa hadi baharini. Mafuta hayo lazima yapashwe joto njia nzima na yasukumwe na pampu, mchana na usiku, Krismasi na Idi. Majirani wanatuonyesha kazi hiyo ilivyo. Bomba la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, limepangiwa nyaya za kupasha joto ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50, na kebo ya stima inazikwa kando yake. Na kumbuka Uganda ilipochagua Tanga mwaka 2016 ilituachia Lamu peke yetu. Mafuta yao yangepita kwetu, gharama ya joto tungegawana. Leo mapipa machache ya Lokichar ndiyo yabebe mzigo wote.

Hebu niambie, kati ya Lokichar na Garissa stima hiyo ya kuendesha pampu iko wapi? Lazima nyaya za nguvu kubwa zijengwe, transfoma zinunuliwe, vituo vya kupunguza nguvu za umeme viwekwe nyikani. Ama kampuni ya mafuta ifue stima yake yenyewe, kwa gesi au kwa dizeli, ama serikali ikope na kuijengea. Hapo kwenye "ikope" ndipo roho yangu imenasa. Mkopo wa laini ya stima haulipwi na hewa. Unalipwa na kodi au na bili, na bili ni mimi, wewe na yule mama mboga wa pale chini anayenunua tokeni za shilingi hamsini.

Utasema nakisia. Sikisii, tumeshapita njia hii. Mitambo ya upepo ya Loiyangalani, 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kuleta stima yake hadi kituo cha umeme cha Suswa, kilomita zaidi ya 400, ikachelewa hadi Septemba 2018 kwa sababu mkandarasi Mhispania alifilisika katikati ya kazi. Mkataba ulikuwa wa utumie usitumie, utalipa. Upepo ukavuma, stima haikufika hata kwa balbu moja, na nchi ikadaiwa fidia ya mabilioni. Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa kwenye mradi huo mwaka 2012, hofu yake ikiwa ni kipengele hicho hicho. Kwa hiyo mtu alionya. Kuonywa kwetu huwa ni sehemu ya sherehe tu, baada ya maombi na kabla ya soda.

Na hiyo "itapita nalo" yako... Ekal, wewe ndiye uliyenipeleka kuona nguzo. Laini ya Loiyangalani inapita juu ya maboma ya watu, na chini yake watu wanawasha tochi. Ile ya kutoka Ethiopia vilevile, zaidi ya kilomita elfu moja, inakuja moja kwa moja hadi Suswa. Stima ya nguvu kubwa haishuki njiani kama abiria wa matatu, huwezi kugonga bodi ukasema shukisha hapa. Pasipo kituo cha kuishusha, inapita tu. Bwawa la umeme la Turkwel liko hapo jirani yenu, megawati 106 tangu miaka ya tisini, na laini yake kubwa ilielekezwa kituo cha Lessos, kule Nandi, huku Lodwar ikinguruma kwa jenereta za dizeli. Wewe ndiye uliyenisimulia habari hizo tukiwa chuoni, nikakudhani unatia chumvi.

Najua utakachosema: mtu wa Umoja aliyekulia kwenye balbu anamfundisha mtu wa Lokichar kuvumilia giza. Pigo halali. Lakini hata huku stima si ya kumwaga. Kilele cha mahitaji ya nchi nzima kimepita megawati 2,300, na mwishoni mwa 2025 Rais mwenyewe alikiri kwamba kuna sehemu zinazimwa kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Nyaya za kupasha bomba hazizimwi jioni. Ukizizima, una kilomita mia nane za samli. Akikatiwa mtu, atakuwa nani?

Kuna jambo lingine linaloniudhi zaidi, na halizungumzwi kwa sababu halina picha. Bomba hili limeshatugharimu kabla ya kuchimbwa mtaro. Unakumbuka mwaka 2013, zile megawati elfu tano ndani ya miezi arobaini? Wakati ule kwenye makadirio ya mahitaji ya stima walihesabiwa wateja wakubwa wajao: reli ya umeme, mji wa teknolojia wa Konza, kiwanda cha chuma, na bomba la mafuta na bandari ya Lamu. Reli ikaja na dizeli. Bomba halikuja. Ukishahesabu wateja ambao hawapo, unasaini mikataba ya stima ambayo hakuna wa kuitumia, na ada ya mitambo iliyokaa tayari inalipwa vilevile. Sisemi bomba ndilo lililopandisha tokeni zangu, sitaki kumsingizia asiyekuwepo. Nasema mgeni huyu amewekewa sahani tangu zamani, na waliochanga ni wengine.

Mambo haya si ya Kenya pekee. Marekani walikuwa na bomba la Keystone XL, la kutoka Kanada hadi Nebraska, mapipa 830,000 kwa siku. Pampu zake zilihitaji nyaya mpya mashambani, na waliopaswa kufikisha stima hiyo ni vyama vya ushirika vya umeme vya wakulima, na kule Nebraska mashirika ya umma, maana huko stima ni mali ya umma jimbo zima. Obama akalikataa 2015, Trump akalifufua 2017, Biden akafuta kibali Januari 2021, na Juni kampuni ikaliacha. Serikali ya jimbo la Alberta, iliyokuwa imeweka pesa zake humo, ikapoteza kama dola bilioni 1.3 za Kanada. Wenzetu wale ni matajiri, wana mawakili kila kona. Sisi kwetu Tullow, kampuni iliyoyapata mafuta yenu, walihangaika miaka kumi na tatu, wenzao Total na Africa Oil wakajitoa 2023, na 2025 Tullow wakauza kwa Gulf Energy. Mwenye mafuta anaweza kuuza aende zake. Laini ya stima haina pa kwenda, itabaki imesimama pale na deni lake.

Utaniambia basi kampuni ilipie kila kitu. Sawa, ndivyo ningetaka. Ila hapo napo soma mkataba. Gharama za kampuni hurudishwa kutoka kwenye mafuta kabla ya faida kugawanywa, na kila senti ya kusafirisha hupunguza thamani ya pipa pale kisimani. Sheria ya Petroli ya 2019 inawapa kaunti asilimia 20 na jamii asilimia 5 ya fungu la serikali. Asilimia tano ya kilichobaki, Mwalimu. Stima ikila sana, chenu kinakonda.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kimoja. Ukisimama kwenye kikao, baada ya kusema yako yote mazuri, uliza stima ya kupasha na kusukuma itatoka wapi, nani atakopa pesa za laini, na mafuta yakikoma au kampuni ikiondoka kabla ya mkopo kuisha, nani ataendelea kulipa. Usikubali jibu la "serikali italishughulikia". Omba liandikwe kwenye kumbukumbu. Na stima ya shule iombe peke yake, kwa jina lake, usiifunge kwenye bomba. Ule mradi wa sola wa kaunti 14, Turkana imo. Huo angalau hausubiri meli Lamu.

Nimeandika hadi mkono umekufa ganzi. Mama watoto ananiuliza kama nimepata mpenzi.

Sasa nijibu haya. Kikao ni lini hasa, na kitakuwa Lokichar au mtapelekwa Lodwar? Mmepewa karatasi zozote za kusoma kabla, au mtasomewa mkiwa mmekaa? Ukizipata unaweza kunipigia picha ukurasa wa stima, kama upo? Mzee Lokwang bado ana hasira kuhusu ardhi ya visima, na anajua utazungumza? Akiru alifaulu mtihani? Wafula anasema unauza pikipiki, ni kweli, na ni ile ile uliyoniahidi? Na yule mjumbe aliyewaahidi transfoma kabla ya uchaguzi, bado anapokea simu?

Ndugu yako,
Mutua