Mama, maua hayauzwi

Leipzig, Julai 2025

Shikamoo mama,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Mara ya nne nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za kazini, koti nimeshavaa, basi likaja likaondoka nami nimekaa palepale. Si habari ya hela ya salfa ya kupulizia mikorosho iliyonishika. Hiyo nimeshamtumia Hamisi jana, mwambie atunze risiti. Kilichonishika ni lile neno ulilolisema mwishoni kwa sauti ya chini, kwamba mjomba ameshakula hela ya kangomba, kauza magunia sita ya korosho za shamba la bibi kabla hazijavunwa.

Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, mama! Kilo kwa 1,500, wakati msimu uliopita mnadani bei ilivuka 4,000 na wenyewe mliona fedha ilivyoingia.

Nimekasirika, sifichi. Shamba ni la bibi na mjomba ana kauli juu yake, hilo sibishani nalo. Lakini kauli ya kuuza kisichovunwa kampa nani? Mwaka 2018 tulilala na magunia chumbani mpaka panya wakatuzoea. Wanunuzi walikuja na bei ya kutudharau, watu wakagoma, Serikali ikatangaza 3,300, malori ya jeshi yakafika mpaka Kitangari. Na malipo tukayangoja. Mjomba huyuhuyu ndiye aliyekuwa anatuambia barazani tusitetereke. Mtu aliyengoja vile amepatwa na nini leo?

Jibu nikalipata ndani ya basi lililofuata. Amepatwa na hofu. Deni la dukani, ada ya Mwanahawa, goti lake lile. Mwenye kangomba haji kununua korosho, anakuja kununua hofu, na anajua mwezi gani iko tele.

Naijua hofu hiyo, mama. Kwenye simu nakwambia nalala vizuri. Kazi na baridi nimezoea, hayo tuyaache. Ila kuna saa tisa ya usiku. Naamka bila kuamshwa na kitu, naanza kuhesabu: kibali changu cha kukaa kinaisha mwezi wa tatu, nina miaka 34 sina mtoto wala kibanda, wewe ukiugua ghafla nauli naitoa wapi. Moja linavuta lingine, na moyo unakwenda mbio kana kwamba yote yamefika usiku uleule na yamesimama mlangoni.

Na mimi niliuza maua. Sijawahi kukwambia. Mwaka juzi hofu ya kibali iliponibana, likizo yangu ya Desemba niliiahirisha nikachukua zamu za usiku mwezi mzima, niweke akiba. Bibi akatutoka katikati ya mwezi ule. Akiba ninayo mpaka leo. Arobaini yake niliisikia kwa simu, ikakatika wakati wa dua. Wewe uliwaambia watu kwamba kazini walininyima ruhusa. Hawakuninyima, mama. Sikuomba. Nisamehe.

Tangu hapo nina daftari kando ya kitanda. Saa tisa ikinikuta, naandika linalonisumbua, kisha najiuliza kesho asubuhi naweza kulifanyia nini. Kama kuna kazi, naiandika: kupeleka barua ya mwajiri, kuomba siku ya miadi. Kama hakuna, nalipigia mstari, nazima taa, nalikabidhi kwa Mungu. Halafu naingia shambani. Naanza na mkorosho wa njia panda, naufuata ule uliolala ambao tulikuwa tunaupanda kama farasi, halafu ule wa nyuki. Naugusa kila mmoja gome lake, nasikia mabibo yaliyochachuka chini. Nikifika ule uliopigwa na radi huwa usingizi umeshanichukua. Kwa hiyo akiuza magunia sita, anauza na usingizi wangu.

Sasa habari njema, na hii Hamisi aitangaze barazani: mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya B2 nimefaulu! Mwezi wa tisa naanza mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, nasoma huku nalipwa. Wale watawa wa misheni ya Ndanda tuliokuwa tunawaigiza Kijerumani chao, leo ningekaa nao uani tukazungumza mpaka magharibi. Nilipopewa matokeo sikuwa na wa kumpigia vigelegele, nikaenda kununua muhogo kwenye duka la Waafrika. Umepakwa nta, una bei ya kuku. Nimeikumbuka ming'oko yetu ya porini mpaka nikalia.

Kuhusu mjomba. Magunia sita ni kama kilo 480, kwa 1,500 ni laki saba na ishirini. Mnadani hizo ni karibu milioni mbili kabla ya makato. Mwisho wa mwezi nitakutumia hiyo laki saba na ishirini, mpe wewe mkononi, akishakula, watoto wasiwepo. Usimwambie nimekasirika. Mwambie Somoe anakuomba urudishe hela ya watu mapema, kabla korosho hazijaanza kudondoka, ili zote ziende ghalani kwa jina lako. Ada ya Mwanahawa niachieni mimi. Goti, Hamisi ampeleke hospitali ya Ndanda, nauli imo kwenye hela ya jana.

Salfa ipulizwe alfajiri kabla upepo haujaamka. Ugonjwa wa ubwiri ukishika maua, mnada tutausikia redioni tu.

Na ile miche ya mikorosho ya kituo cha utafiti cha Naliendele, usikubali mtu apande muhogo kuibana, tuliacha mita 12 kwa makusudi. Ule mmoja ulio karibu na kaburi la bibi uwekeeni maji ya kuoshea vyombo, jua la Agosti halina huruma. Ukichipua jani jipya, nipigie picha.

Mwanao,
Somoe